Mafundisho ya Jumamosi juu ya Bikira Maria, ukumbi wa parokia, Eastlands: ninayapendekeza, ila kikao cha mwisho kirekebishwe

Ukiwa umeoa au umeolewa nje ya dhehebu lako hapa Nairobi, unajua kwamba ubishi juu ya Bikira Maria hauanzii kanisani. Huanzia kwenye kikao cha mahari, au matangani usiku watu wakisubiri chai, pale mjomba mmoja anapouliza kwa sauti kwa nini Wakatoliki wanamwabudu mwanamke, na shangazi wa upande wa pili anamjibu kwamba ninyi hamna adabu kwa mama wa Bwana. Baada ya hapo hakuna anayesikiliza tena. Kila mmoja anatupa aya yake na kufunga masikio.

Mimi ni Mwanglikana wa kutoka Taita. Mume wangu ni Mkatoliki, na binti yetu yuko kwenye mafundisho ya Komunyo ya Kwanza. Nilitaka mahali ambapo ningeuliza maswali yangu yote bila mtu kunivuta nibadili dhehebu, wala kunitazama kama adui wa Mama Maria. Nimepata. Ni mafundisho ya Jumamosi alasiri kwenye ukumbi wa parokia moja isiyo mbali na Jogoo Road, yanayochukua kama mwezi na nusu, na milango iko wazi kwa Mkristo wa kanisa lolote. Sitaitaja parokia kwa jina kwa sababu nina malalamiko kadhaa na sitaki yaonekane kama vita. Atakayetaka kwenda amuulize katekista wa parokia yake. Wao hupashana habari.

Kwanza mambo ya kawaida. Kiingilio hakuna. Kuna bahasha ya mchango wa fotokopi na chai, shilingi 200 kwa kikao, na asiyekuwa nazo hakuna anayemuuliza. Chai ni ya maziwa, ya moto kweli, na mandazi hutosha hata kwa wanaochelewa. Viti ni vile vya plastiki, na ukikaa nyuma hutasikia vizuri kwa sababu uwanja wa jirani huwa na mkutano wa injili wenye vipaza sauti vikubwa. Wahi ukae mbele. Karatasi za kufuatia somo zimetolewa fotokopi vibaya: ukingo wa kulia umekatwa, na nilijaza mwisho wa kila mstari kwa kalamu huku nikiangalia Biblia yangu. Kwa somo ambalo watu wanagombania maneno ya Maandiko, karatasi inayokata aya katikati ni kosa lisilostahili kuvumiliwa.

Anayefundisha ni mwalimu mstaafu wa sekondari ambaye sasa ni katekista. Kila mtu humwita Mwalimu, hata paroko. Ana utaratibu mmoja nilioupenda sana: mlangoni kuna kikapu, unaandika swali lako kwenye kipande cha karatasi bila jina, unatumbukiza. Nusu ya mwisho ya kikao huyasoma kwa sauti jinsi yalivyoandikwa, hata yale makali. Moja lilisema wazi, "Kwa nini mnaabudu sanamu na amri ya pili mnaijua?" Alilisoma lote, hakulilainisha, akalijibu kwa utulivu. Nimehudhuria semina nyingi za kanisa langu mwenyewe ambazo swali kama hilo lingefichwa mfukoni.

Kikao cha kwanza kilihusu jina "Mama wa Mungu", na hapo Mwalimu alianza vizuri kupita nilivyotarajia. Alitupeleka Efeso, mwaka 431, kwenye mtaguso, yaani mkutano mkuu wa maaskofu. Nestorius, askofu wa Konstantinopoli, alikuwa hataki Maria aitwe hivyo. Aliona inatosha kumwita Mama wa Kristo. Aliyempinga kwa nguvu zote ni Sirili, askofu wa Aleksandria ya Misri, Mwafrika wa bara letu hili. Hoja ya Sirili haikuwa kumpandisha Maria cheo. Alikuwa akimtetea Yesu: kwamba aliyezaliwa Bethlehemu ni nafsi moja, Mungu kweli na mtu kweli, na hukuweza kuwatenganisha ukasema Maria amemzaa nusu yake. Mtaguso ukakubaliana na Sirili.

Mzee mmoja wa kanisa la Kipresbiteri aliyekaa mbele yangu alishtuka kuambiwa kwamba waasisi wa Matengenezo ya Kiprotestanti hawakulipinga jina hilo. Martin Luther aliendelea kumwita Maria Mama wa Mungu maisha yake yote, na mwaka 1521 aliandika ufafanuzi mrefu wa Wimbo wa Maria, ule wa Luka 1:46-55. Walutheri walilithibitisha jina hilo kwa maandishi mwaka 1577 katika Kanuni ya Makubaliano, ungamo lao la imani. Kwa hiyo mhubiri wa Nairobi anayesimama jukwaani na kusema kumwita Maria Mama wa Mungu ni upagani, hasemi jambo la Kiprotestanti hata kidogo. Anasema jambo ambalo Luther angelikemea. Nilifurahi likisemwa mbele ya watu wa pande zote mbili, maana kwetu Waanglikana huo wimbo wa Maria tunauimba kila ibada ya jioni, "tokea sasa vizazi vyote wataniita mbarikiwa", halafu tukitoka nje tunaona haya kumwita mbarikiwa.

Juu ya ubikira wa daima, yaani kwamba Maria alibaki bikira maisha yake yote, sitakaa sana. Hoja zilikuwa zile zile tunazozijua: Marko 6:3 inawataja ndugu zake Yesu, Yakobo na Yose na Yuda na Simoni. Wakatoliki wanamfuata Yeronimo, mwalimu wa Kanisa la kale, aliyewaona kuwa jamaa wa karibu. Waorthodoksi wengi husema ni watoto wa Yosefu wa ndoa ya kwanza. Waprotestanti wengi wa leo husema ni watoto wa Maria na Yosefu, ingawa Luther mwenyewe aliamini ubikira wa daima. Mwalimu alipita hapo haraka na alifanya vyema. Hakuna ndoa iliyovunjika Nairobi kwa ajili ya Yose na Simoni.

Kikao ambacho kwangu kilistahili nauli yote ni cha rozari. Mwalimu aliweka meza katikati, akatandika kitambaa cheupe, akailaza rozari moja kubwa ya mbao ikiwa imenyooshwa duara. Akatuita tuje tusimame kuizunguka, Wakatoliki na wasio Wakatoliki. Akazihesabu punje kwa kidole: 53 za Salamu Maria, 6 za Baba Yetu, jumla 59. Msalaba, medali, makumi matano, yaani mafungu matano ya punje kumi kumi. Kisha akachukua vijikaratasi 20 vilivyoandikwa matendo yote, yaani matukio ya Yesu na Maria ambayo anayesali rozari huyatafakari, akawa anakiweka kila kimoja kando ya kumi lake na kumtaka mtu yeyote mwenye Biblia asome mahali tendo lenyewe lilipo.

Matendo ya Furaha: kupashwa habari, Luka 1. Kumtembelea Elisabeti, Luka 1. Kuzaliwa, kutolewa hekaluni, kupatikana hekaluni, yote Luka 2. Matendo ya Mwanga, ambayo Papa Yohane Paulo wa Pili aliyaongeza mwaka 2002: ubatizo wa Yordani, arusi ya Kana, kutangazwa kwa Ufalme, kugeuka sura, karamu ya mwisho. Yote yakapatikana. Matendo ya Uchungu, kutoka Gethsemane hadi msalabani, yakapatikana bila taabu. Matendo ya Utukufu: ufufuko, kupaa, Roho Mtakatifu kushuka. Sauti za kurasa zilikuwa zikisikika chumba kizima, watu wakishindana kufika kwanza. Mama mmoja wa Pentekoste, mwenye Biblia iliyochakaa hadi jalada limeshikiliwa kwa selotepu, ndiye aliyekuwa akitangulia karibu kila mara.

Kisha kikaja kijikaratasi cha kumi na tisa: Bikira Maria kupalizwa, yaani kuchukuliwa, mbinguni mwili na roho. Na cha ishirini: kuvikwa taji kuwa Malkia wa mbingu na nchi. Kurasa zikanyamaza. Mtu mmoja akataja Ufunuo 12, yule mwanamke aliyevikwa jua. Mwingine akajibu kwamba wafafanuzi wengi, hata Wakatoliki, humwona mwanamke yule kwanza kama taifa la Mungu, ndipo wengine humwona Maria ndani yake. Mwalimu hakubishana. Alivitenga vile vijikaratasi viwili pembeni mwa meza, akasema: haya kumi na nane Mprotestanti yeyote anaweza kuyatafakari na Biblia yake mkononi; haya mawili yanasimama juu ya Kanisa kusema kwamba yamefunuliwa. Tukitaka kujua tunatofautiana wapi, ni hapa.

Sijawahi kuona jambo hili likielezwa kwa uwazi namna ile. Mjomba na shangazi wa matangani wanagombana kuhusu rozari nzima, kumbe karibu yote ni Injili. Bila shaka Mprotestanti bado ana swali lake kuhusu sala yenyewe, maana sehemu ya kwanza ya Salamu Maria ni maneno ya malaika na ya Elisabeti, lakini "utuombee sisi wakosefu" haimo katika Luka. Mwalimu alilikubali hilo pia.

Somo la mafundisho mawili ya karne za karibuni lilikuwa zuri kwa sehemu. Tarehe alizitoa sawasawa. Tarehe 8 Desemba 1854, Papa Pio wa Tisa alitangaza kwamba Maria alikingiwa dhambi ya asili, ile tunayoirithi kwa Adamu, tangu kutungwa mimba kwake. Tarehe 1 Novemba 1950, Papa Pio wa Kumi na Mbili alitangaza kupalizwa kwake mbinguni. Nilipenda kwamba hakuficha historia ngumu. Alituambia kuwa Thoma wa Akwino, mwalimu mkubwa kuliko wote wa Wakatoliki, hakukubaliana na fundisho la kukingiwa dhambi ya asili. Aliona kwamba asiye na dhambi kabisa angekuwa hana haja ya Mwokozi. Duns Scotus, mwanateolojia Mfransisko, ndiye aliyepata njia baadaye: kwamba kukingwa usianguke shimoni ni kuokolewa pia, tena kwa namna kubwa kuliko kutolewa ukiwa umeshaanguka, na kwamba Maria alikingwa kwa stahili za Kristo. Ndiyo maana Mkatoliki anaweza kuusoma mstari wa Luka 1:47, Maria anaposema roho yake imemfurahia Mungu Mwokozi wake, bila kuona kwamba unaliangusha fundisho.

Hapo nikainua mkono, maana nilikuwa na hamu ya kuuliza. Nikasema, Mwalimu, hoja ya Scotus inaonyesha kwamba jambo hilo liliwezekana. Haionyeshi kwamba lilitokea. Nani aliyejua kwamba lilitokea? Paulo katika Warumi 3:23 anasema wote wamefanya dhambi, na hakumtoa mtu hapo isipokuwa tunavyoelewa juu ya Kristo. Akanijibu, "Mama, swali lako ni la kikao cha mwisho." Nikakubali kusubiri.

Kabla ya kufika huko, niseme juu ya kikao cha mgeni. Walimwalika mchungaji wa Kianglikana aje aeleze upande wa pili, na walimpa muda sawa na Mwalimu. Mchungaji hakuja kupiga makelele. Alifungua zile Kanuni 39 za kanisa letu akatusomea tatu: ya 6, inayosema Maandiko yana yote ya lazima kwa wokovu, na lisilosomwa humo wala kuthibitika kwayo asitakiwe mtu yeyote kuliamini kama jambo la imani, ya 21, inayosema mitaguso mikuu inaweza kukosea na imewahi kukosea, na ya 22, inayokataa kuwaomba watakatifu. Kisha akasema jambo lililowashangaza Wakatoliki waliokuwepo: kwamba tume ya pamoja ya Waanglikana na Wakatoliki ilitoa taarifa mwaka 2005 juu ya Maria, na ikakubali kwamba mafundisho ya 1854 na 1950 yanaweza kueleweka kwa namna inayopatana na Maandiko. Kilichobaki bila kutatuliwa ni kama Mwanglikana anaweza kulazimishwa kuyaamini kama sehemu ya imani.

Yaani hata wasomi wa pande zote mbili walipoketi chini kwa miaka, walijikuta wameshikwa na swali lile lile nililomuuliza Mwalimu. Maria si kiini cha ugomvi. Kiini ni nani ana haki ya kumwambia Mkristo: hili lazima uliamini. Naandika haya yote kwa sababu hiyo, na ndiyo maana malalamiko yangu makubwa yanahusu kikao cha mwisho.

Lakini kwanza heshima moja kwa Mwalimu. Mama wa Pentekoste yule wa selotepu aliuliza swali ambalo lilinigusa. Alisema: mnatuambia kuna tofauti kati ya kumwabudu Mungu na kumheshimu Maria, na nimeielewa kwenye karatasi. Lakini mbona simuni inanijia kila wiki na ujumbe wa kusambaza sala ya Bikira Maria kwa watu kadhaa, na kwamba nisipofanya hivyo nitapata msiba? Hiyo nayo ni heshima? Mwalimu aliweka kalamu chini. Akasema hiyo ni ushirikina, Kanisa haliufundishi, na mapadre wanapaswa kuukemea kwa nguvu zaidi kuliko wanavyofanya. Akataja kwamba Roma yenyewe, Novemba 2025, chini ya Papa Leo wa Kumi na Nne, ilitoa waraka unaosema haifai kutumia jina la "Mkombozi Mwenza" kwa Maria, kwa kuwa linafunika ukweli kwamba Kristo peke yake ndiye Mkombozi. Kisha akasoma 1 Timotheo 2:5, mpatanishi mmoja kati ya Mungu na wanadamu. Mkatoliki akiisoma aya hiyo bila kusukumwa, mlokole anasikiliza kwa sikio lingine.

Kuna jambo pia walilifanya vizuri wanalegio wa Legio ya Maria, chama cha walei ndani ya Kanisa Katoliki, ambao hukutana katika ukumbi huo huo kabla yetu. Hawaondoi madhabahu yao kwa pupa kama watu wenye kitu cha kuficha. Wanaiacha, na mmoja wao hubaki kueleza. Kwake nilisikia habari za Edel Quinn, msichana wa Ireland aliyekuja Nairobi mwaka 1936 akiwa na kifua kikuu, akazunguka Afrika Mashariki kuanzisha vikundi vya Legio hadi alipofariki hapa mwaka 1944. Amezikwa Msongari, kwenye makaburi ya wamisionari. Miaka yote nimepita barabara ya karibu na pale bila kujua. Sikubaliani na kila sala ya Legio, lakini siwezi kudharau imani iliyomtoa mgonjwa kwao na kumleta huku.

Sasa kikao cha mwisho, cha mamlaka ya Kanisa. Hapa ndipo palipoharibika. Kamati ya harusi ilikuwa imeuweka ukumbi, kwa hiyo tulipewa muda usiofika saa nzima, na chai ikafutwa. Somo ambalo kila kitu kilikuwa kikielekea huko likapita kama tangazo la mwisho wa misa. Mwalimu alitaja Mathayo 16:18-19 na funguo za Petro, 1 Timotheo 3:15 ambapo Kanisa linaitwa nguzo na msingi wa kweli, na 2 Wathesalonike 2:15 juu ya kuyashika mapokeo, yawe ya maneno au ya waraka. Akataja tarehe 18 Julai 1870, siku Mtaguso wa Kwanza wa Vatikano ulipotangaza kwamba Papa hawezi kukosea anapofundisha rasmi, kwa mamlaka yake yote, jambo la imani au maadili kwa Kanisa lote. Kura 533 zilikubali, 2 zilikataa. Hakupata nafasi ya kusema kwamba maaskofu kadhaa waliopinga walikuwa wameondoka Roma kabla ya kura, wala kwamba baadhi ya Wakatoliki wa Ujerumani na nchi jirani walijitenga kwa sababu hiyo.

Wala hakupata nafasi ya kuziweka tarehe hizo tatu kwa mstari mmoja, jambo ambalo nililifanya mwenyewe nyumbani kwenye daftari: 1854, 1870, 1950. Papa alitangaza fundisho la Maria kwanza, miaka 16 baadaye Mtaguso ukatangaza kwamba Papa ana uwezo huo, na tangu hapo mara moja tu ndipo uwezo huo ulipotumika waziwazi kutangaza fundisho jipya la imani, na lilikuwa tena la Maria. Hata fundisho la Maria linabeba fundisho la Papa mgongoni. Mprotestanti akikataa la 1950 hamkatai Maria. Anakataa la 1870. Na Mkatoliki akilitetea la 1950 kwa Ufunuo 12 peke yake, anatetea mlango usio wake.

Swali la idadi ya vitabu vya Biblia ndilo lililoniuma kukosa jibu. Kijana mmoja aliandika kwenye kikapu: kwa nini Biblia yenu ina vitabu 73 na yetu 66, na nani aliamua? Mwalimu alilisoma, akaangalia saa, akasema tutalijadili siku nyingine. Lakini swali hilo lilikuwa ndilo somo lenyewe. Katika 2 Wamakabayo 15, nabii Yeremia aliyekwisha kufa anaonekana akiwaombea watu. Kama kitabu hicho ni Maandiko, basi Mkatoliki ana aya ya watakatifu kutuombea. Kama si Maandiko, hana hiyo. Mtaguso wa Trento ulikitaja katika orodha yake mwaka 1546. Waprotestanti wanakiweka kando. Huwezi kuamua kwa aya, kwa sababu ugomvi ni juu ya kurasa zipi zihesabiwe kuwa na aya. Ndiyo hapo Mkatoliki anapouliza kwa haki: bila Kanisa, ungeijuaje orodha? Na Mprotestanti naye hujibu kwa haki: Kanisa liliitambua orodha, halikuipa uwezo wake, kama watu wa Beroya katika Matendo 17:11, hata maneno ya mtume yalipimwa kwa Maandiko.

Na nisiwasamehe watu wa upande wangu. Nairobi hii, kila barabara ina kanisa lake, na kila kanisa lina mtume au nabii ambaye neno lake halihojiwi na mtu. Waumini wanaouliza kwa nini Papa, wao wenyewe wanaambiwa wapande mbegu ya pesa kwa sababu mtumishi wa Mungu amesema. Mamlaka yapo kote. Tofauti ni kama yameandikwa, yana mipaka, na yanaweza kujibiwa. Ya Roma yameandikwa na yana mipaka, ingawa sikubali kwamba hayakosei. Ya yule nabii wa jukwaani hayana mpaka wowote. Mchungaji wetu alipaswa kupewa nafasi ya kujibu hilo, na hakupewa.

Kwangu jambo hili halikuwa la vitabuni. Tulipofunga ndoa, mume wangu aliahidi, kwa mujibu wa Kanuni 1125 ya sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kwamba atafanya awezavyo watoto wabatizwe na kulelewa Kikatoliki. Mimi sikutakiwa kuahidi, nilijulishwa tu. Tangu hapo nimekuwa nikiishi chini ya mamlaka nisiyoyaungama, ndani ya nyumba yangu, kwa mtu ninayempenda. Nilihitaji kikao hicho cha mwisho zaidi ya vingine vyote.

Kwa hiyo, je, uende? Ndiyo, nenda, na nenda na mume au mke wako kama mmegawanyika; utapata mtu mkweli anayekuheshimu, na ile meza ya rozari peke yake itawapunguzia nusu ya magomvi ya nyumbani. Beba Biblia yenye vitabu vyote 73 kama unaweza kuazima, kwa sababu karatasi zao hazitoshi. Kama unatafuta mahali pa kumshinda Mkatoliki au kumshinda mlokole, hapakufai, na Mwalimu atakuomba ukae chini. Watoto wadogo waache nyumbani. Vikao ni virefu na hakuna pa kuwaweka.

Kwa waandaaji ombi langu ni moja: geuzeni ratiba. Anzeni na mamlaka, Petro na mapokeo na orodha ya vitabu, wakati watu wana nguvu na ukumbi ni wenu, ndipo mje kwa Maria. Mtaona maswali ya kikapuni yanavyobadilika. Nimemwandikia Mwalimu hayo, na amenijibu kwamba awamu ijayo kikao cha kwanza kitakuwa cha mamlaka, na mchungaji ameombwa arudi, safari hii kwa Jumamosi mbili. Fotokopi nimejitolea kuzisimamia mimi.